TUNZA CHENI NA CHUJIO, PIKIPIKI IKUTUNZE

Kitendawili!

Tega!

Nyoka wangu hana kichwa wala mkia, hutambaa mchana kutwa na haondoki alipo.

Mpenzi msomaji, ukisema ni cheni ya pikipiki basi umepata, na hakuna haja ya kunipa mji. Leo nataka tumtazame nyoka huyu kwa makini, pamoja na mwenzake anayekaa amejificha chini ya kiti, yaani chujio la hewa, ambalo mafundi wetu huliita eya klina.

Pengine mwanachama mwenzangu atauliza: mambo ya spana na grisi yameingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili? Jibu langu ni kwamba Kiswahili si cha insha na mashairi peke yake. Kule stegi na kwa fundi watu wanaongea Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni, na kazi inaendelea. Kwa nini basi tusiyaandike?

Pili, na hili ndilo kubwa, nyumba nyingi za wanafunzi wa shule yetu ya kutwa zinakula kutokana na pikipiki. Simama langoni saa moja asubuhi uwahesabu mwenyewe wazazi, makaka na wajomba wanaoshusha wanafunzi kisha wanageuza mbio kurudi stegi. Pikipiki hiyo mara nyingi bado ni ya mkopo. Ikilala kwa fundi siku tatu, mkopo unadai vile vile, na pesa ya karo haionekani. Kwa hivyo nisemapo "tunza cheni", ninasema pia "linda karo".

Mimi si fundi. Haya nimeyapata kwa kumsaidia mjomba wangu kila likizo hapa kwetu Kitui, na kwa kusoma kitabu kilichokuja na pikipiki yake. Kitabu chenyewe kilikuwa bado kimo ndani ya nailoni yake chini ya kiti, hakijafunguliwa tangu siku pikipiki iliponunuliwa.

1. CHENI NI NINI, NA INACHAKAAJE?

Cheni, au mnyororo, kazi yake ni kuchukua nguvu kutoka sproketi ndogo ya mbele, iliyo kwenye injini, na kuipeleka sproketi kubwa ya nyuma, iliyo kwenye gurudumu. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina meno 42. Gawanya 42 kwa 14 upate 3. Maana yake ni kwamba ya mbele inazunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo unapungua lakini nguvu inaongezeka, na ndiyo sababu pikipiki ndogo inaweza kumpandisha mlima abiria pamoja na gunia lake la mahindi.

Cheni ya namna hii si ya jana. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, ndiye aliyeivumbua mwaka wa 1880. Baiskeli ziliitumia kwa wingi kabla ya pikipiki, zikiwemo zile baiskeli za Busia zilizobeba watu mpakani miaka ya 1960 na kutupa jina la boda boda.

Ukiikagua utaona ina vipande vinne: vibamba vya pembeni, pini inayopita katikati, bushi inayoizunguka pini, na rola inayoizunguka bushi. Rola ndiyo inayokaa juu ya jino la sproketi. Pikipiki nyingi ndogo za huku zinatumia cheni ya namba 428. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Watu husema cheni "imevutika" kana kwamba chuma ni mpira. Sivyo. Vibamba havijavutika vile. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi zinasagana. Mafuta yakikauka na vumbi likiingia, vumbi hilo linakuwa kama msasa. Kila pini ikilika sehemu ya kumi tu ya milimita, huioni kwa macho. Lakini cheni ina pini zaidi ya mia moja. Zidisha 0.1 kwa 100: cheni nzima imerefuka milimita 10, sentimita nzima! Hapo ndipo tunapoona kweli kwamba haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki ni cha hasara.

Unaweza kuipima kwa rula ya darasani. Vuta cheni ikaze, kisha hesabu pini 21. Kati yake mna nafasi 20, na 20 × 12.7 ni milimita 254. Huo ndio urefu wa cheni mpya. Ukipata karibu milimita 259, imerefuka kwa asilimia 2 hivi, na hiyo imezeeka. Njia nyingine ni kushika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta ielekee kwako. Ikiachana na sproketi hata ukaona nusu ya jino au zaidi, imekwisha. Meno nayo yatazame: yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoana, yamekwisha vile vile. Cheni na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa sababu cheni mpya ikiwekwa juu ya meno ya zamani italiwa haraka. Anayenunua cheni peke yake ili aokoe pesa atarudi dukani mapema. Rahisi ni ghali.

2. KUSAFISHA NA KUTIA MAFUTA

Fanya kazi hii baada ya kila kilomita 500 hivi, na pia kila baada ya kunyeshewa au kupita kwenye matope. Mwenye kwenda kilomita 100 kwa siku atafika 500 siku ya tano. Wakati mzuri ni jioni, cheni ikiwa bado ina joto, kwa maana mafuta yanaingia vizuri na yana usiku mzima wa kutulia.

(a) Zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gia huru. Kamwe usisafishe cheni injini ikinguruma. Kitambaa kinanaswa na sproketi, kidole kinafuata kitambaa, na kidole hakina spea.

(b) Chukua brashi na mafuta taa kidogo, sugua cheni pande zote huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Usitumie petroli. Petroli inashika moto upesi, na katika cheni zenye vipete vya mpira kwenye pini, inaviharibu vipete hivyo.

(c) Pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka cheni ikauke.

(d) Tia mafuta, matone machache machache, upande wa ndani wa cheni ya chini, mahali vibamba vinapokutana. Mbona ndani? Kwa sababu cheni ikizunguka, mafuta yanarushwa kwenda nje, na yakipita yanaingia kwenye pini. Ukiyapaka nje yataruka moja kwa moja mpaka suruali ya abiria. Mafuta mazito ya giabox, kama SAE 90, yanafaa, na yale maalum ya cheni yanafaa zaidi.

(e) Zungusha gurudumu mara kadhaa, subiri kidogo, kisha pangusa yaliyobaki nje. Cheni haipaswi kudondosha mafuta. Mafuta yakiwa mengi nje, vumbi linapata mahali pa kushika.

Hapa kuna desturi moja ambayo ningependa tuiache: kupaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka injini. Oili ile ina vipande vidogo sana vya chuma na masizi. Ni kama kuosha kidonda kwa maji ya mtaroni. Pia tusielekeze mpira wa maji wa nguvu kwenye cheni wakati wa kuosha pikipiki, kwa sababu unasukuma mchanga ndani na kutoa mafuta yaliyokuwemo.

3. KUKAZA CHENI

Cheni ikilegea sana inaweza kuruka kwenye sproketi. Ikiruka pikipiki ikiwa mbioni, inaweza kujisokota na kufunga gurudumu la nyuma ghafla, na abiria wako pengine ni mtoto wa darasa la pili. Lakini cheni iliyokazwa kupita kiasi pia ni mbaya. Abiria wawili wakipanda, shoki zinashuka na cheni inazidi kuvutika, nayo inaumiza bearingi za gurudumu na za giabox. Kwa hivyo tunatafuta katikati.

Shika cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili, uisukume juu na chini. Pikipiki nyingi ndogo za barabarani zinahitaji icheze kati ya milimita 20 na 30, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki yako. Zenye kava nzima ya cheni kwa kawaida huwa na kizibo cha mpira, nawe unakitoa ili uingize kidole. Zungusha gurudumu upime mahali kadhaa, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa. Tumia pale inapokaza zaidi kama kipimo chako.

Ikiwa imelegea, fanya hivi:

(a) Toa kotapini kama ipo, ulegeze nati kubwa ya ekseli ya nyuma. Legeza pia nati ndogo za kufungia kwenye virekebishi vya kushoto na kulia.

(b) Zungusha kirekebishi cha kulia robo mzunguko, halafu cha kushoto robo mzunguko. Ekseli inarudi nyuma kidogo kidogo na cheni inakaza. Usimalize upande mmoja kabla ya kuanza wa pili.

(c) Tazama alama zilizochorwa pande zote mbili za mkono wa nyuma. Kama kulia iko alama ya tatu, na kushoto iwe ya tatu. Zikitofautiana, gurudumu limekaa upande, nayo cheni na meno vitaliwa upande mmoja.

(d) Kaza nati ya ekseli sawasawa, kisha nati ndogo. Pima tena uchezaji wa cheni, maana kukaza ekseli saa zingine kunaubadilisha. Rudisha kotapini, na iwe mpya.

(e) Mwisho, kagua breki ya nyuma. Kwa breki ya drami, ekseli ikirudi nyuma fito ya breki inavutika, na breki inaweza kuwa inashika hata hujaikanyaga. Rekebisha nati ya breki, uzungushe gurudumu uone kama liko huru, kisha ukanyage uhakikishe linasimama.

Jambo dogo la kumalizia sehemu hii: kiungo cha kufungia cheni kina klipu yenye umbo la samaki. Kichwa, yaani upande uliozibika, lazima kielekee kule cheni inakokwenda, na mkia wenye uwazi ufuate nyuma. Samaki akigeuzwa, kitu chochote kikigonga mkia wake klipu inachomoka na cheni inafunguka njiani.

4. CHUJIO LA HEWA

Kitendawili cha pili! Mlinzi wangu hula vumbi ili nyumba yangu ile ugali. Jibu ni chujio la hewa.

Injini haili petroli peke yake. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi, kwa hivyo inataka karibu kilo 11 za hewa. Ukigeuza hizo kuwa lita, unapata zaidi ya lita 9,000 za hewa kwa kila lita moja ya petroli! Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, inavuta pumzi mara 2,500 katika dakika hiyo. Sasa fikiria pumzi hizo zikivutwa nyuma ya lori kwenye barabara ya maramu mwezi wa tisa, kabla ya mvua.

Vumbi letu lina mchanga mwembamba, na mchanga unakwaruza hata kioo, sembuse ukuta wa silinda. Ukipita bila kuchujwa unaingia kati ya pistoni na silinda, na zile ringi za pistoni zinasagika. Oili inaanza kupanda juu na kuungua. Ndipo unaona moshi wa rangi ya samawati nyuma ya pikipiki.

Kijijini kwetu kuna jirani aliyeambiwa na wenzake kwamba akilitoa chujio pikipiki itapumua vizuri na kupata mbio. Akalitoa, akalitupa. Wiki za kwanza alifurahi, maana ilikuwa na sauti kubwa. Kabla kiangazi hakijaisha ilikuwa inatoa moshi, na kila asubuhi anaongeza oili. Mwishowe injini ilifunguliwa, silinda ikachongwa upya, pistoni na ringi zikanunuliwa. Pesa zilizotumika zilikuwa za karo ya binti yake, naye alikaa nyumbani karibu mwezi mzima. Sisemi haya kumcheka mzee wa watu. Alifuata ushauri wa stegi. Ninasema ili ushauri wenyewe ubadilike.

Chujio lililoziba nalo lina ubaya wake. Katika pikipiki ya kabureta, hewa ikipungua petroli inazidi. Moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi, mlimani inakosa nguvu, na petroli inaisha haraka. Kumbuka basi: moshi mweusi ni petroli nyingi, kwa hivyo anza kutazama chujio, moshi wa samawati ni oili inayoungua, na hapo pengine umechelewa.

Kuna machujio ya aina mbili kuu, na kila moja lina matunzo yake.

Chujio la sponji: Litoe taratibu. Lioshe kwa mafuta taa, kisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Likamue kwa kulibana kati ya viganja, usilisokote kama nguo, litapasuka. Lianike kivulini mpaka likauke kabisa. Halafu tia oili safi ya injini kidogo, ulibane ili ienee na iliyozidi itoke. Oili ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu inapitisha vumbi jembamba.

Chujio la karatasi: Hili halioshwi kwa maji wala mafuta taa. Ligongegonge kidogo vumbi lianguke, kisha lipulizwe kwa hewa isiyo kali sana kutoka ndani kwenda nje. Ukilipuliza kutoka nje unalisukumia vumbi ndani zaidi. Limulike juani: ukiona tundu, litupe. Yako pia ya karatasi yaliyotiwa mafuta maalum kiwandani, nayo hayasafishwi, yanabadilishwa tu.

Wakati chujio liko nje, futa ndani ya kasha lake kwa kitambaa chenye unyevu, na uzibe mdomo wa bomba la kwenda kabureta kwa kitambaa safi ili kitu kisidondoke. Usisahau kukitoa! Ukirudisha, hakikisha mpira wa ukingoni umekaa sawa, maana hewa kama maji, hupita palipo na mwanya. Barabara zetu zikiwa na vumbi jingi, ni vyema kulikagua kila wiki, hata kama kitabu kinataja kilomita nyingi zaidi, kwa sababu vitabu vyenyewe vinasema mahali pa vumbi kazi hii ifanywe mapema.

Siku hizi pikipiki za umeme zimeanza kuonekana, hasa mijini. Hizo hazivuti hewa ya kuunguza petroli, kwa hivyo hazina chujio hili. Lakini zile zenye cheni, nyoka wetu ni yule yule na matunzo ni yale yale.

5. RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila asubuhi: tazama cheni kwa macho, sikiliza kama inagonga kava, kagua klipu.
Kila kilomita 500 na baada ya mvua: safisha, tia mafuta, pima uchezaji.
Kila wiki wakati wa kiangazi: fungua na ukague chujio.
Kila mara ukaribiapo kukaza mpaka alama ya mwisho: pima pini 21 na utazame meno.

HITIMISHO

Kabla sijaweka kalamu chini, niseme hivi. Vifaa vya kazi hii ni brashi kuukuu, kitambaa, mafuta taa kidogo, oili na spana mbili tatu. Muda wake haufiki nusu ya mechi ya kandanda. Ndugu mwanafunzi, huenda pikipiki si yako, lakini mikono ni yako. Mzazi au kaka akirudi amechoka saa mbili usiku, si lazima yeye ndiye apige magoti tena kwenye vumbi. Mwombe ruhusa, muulize kitabu cha pikipiki kiko wapi, mkisome pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali kuliko wa matofali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini si sahihi kusema kwamba cheni "imevutika".
2. Cheni ya namba 428 ina milimita 257 kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Imerefuka kwa asilimia ngapi? Je, ibadilishwe sasa?
3. Kwa nini mafuta yanatiwa upande wa ndani wa cheni?
4. Baada ya kukaza cheni, ni sehemu gani nyingine ni lazima ikaguliwe, na kwa nini?
5. Tofautisha matunzo ya chujio la sponji na la karatasi.
6. Tunga kitendawili chako mwenyewe kuhusu kifaa chochote cha pikipiki, ukilete kwenye mkutano wa chama.